Kisanduku cha Kubana Umeme na Friza ya Mama Elina

"Funga nyumba nzima," nilimwambia yule muuzaji, "na friza humo humo." Ningeweza kuyameza maneno hayo leo, ningeyameza pamoja na meno yote niliyobakiwa nayo. Maana alikuwa ameniuliza vizuri kabisa, friza aiunganishe au aiache, na mke wangu, Mama Elina, alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi akasema, "Hiyo aiache, Baba Elina, hiyo ni kazi yangu." Nami, mbele ya mtu mwenye tai, nikaona nitaonekanaje nikiamuliwa na mke barazani kwangu mwenyewe.

Lazima mwelewe miaka yenyewe. Tulikuwa tumetoka kupanga foleni ya sabuni, mara maduka ya Dodoma yakafurika vitu, na sisi tuliokuwa tumekaukiwa kwa muda mrefu tuliamini chochote kilichokuja ndani ya boksi lenye maandishi ya kigeni. Halafu maji ya bwawa la Mtera yakapungua, mgao wa umeme ukaanza, na bili nazo zikawa zinapanda kama vile umeme usiokuwepo ndio ghali zaidi. Basi mtu akikujia na brifkesi, akatoa kisanduku cha kijivu kizito kama tofali, chenye taa ndogo ya kijani, akakwambia kinabana umeme usipotee, utamfukuza? Wenye akili walimfukuza. Mimi nilimkaribisha kiti.

Alinipeleka kwenye mita (zile za zamani, zenye kisahani kinachozunguka nyuma ya kioo), akawasha taa zote za nyumba, mchana wa saa saba, jua la kwetu Mkonze linawaka mpaka kuku wamelala. Akaunganisha kisanduku chake. Kisahani kikapunguza mwendo, kikawa kinajivuta kama mtu anayekwenda kulipa kodi.

"Umejionea mwenyewe, bosi," akasema. "Wewe msomi, si wa kuelezwa mara mbili."

Msomi! Nilikuwa na kidato cha nne, na neno lile lilinipanda kichwani kuliko pombe. Sikugeuka hata mara moja kutazama taa zenyewe ndani zimekuwaje. Na hata ningegeuka, kwa jua lile nani angeona kitu?

Jioni tuliona. Balbu zilikuwa na rangi ya papai lililoiva sana. Pangaboi likawa linazunguka kwa kufikiri. Pasi ilikuwa inapapasa tu mashati, mikunjo inabaki pale pale.

"Baba Elina, hizi taa zimefifia," mke wangu akasema.

"Hazijafifia," nikamjibu. "Macho yako yalizoea ufujaji."

(Nililisema hilo kwa sauti, mbele ya watoto. Sina wa kumsingizia.)

Sasa hiyo friza. Mama Elina aliinunua kwa ng'ombe aliowarithi kwa baba yake kule Bahi, mimi sikutoa hata msumari. Humo aligandisha barafu za ubuyu za kuuzia wanafunzi, na samaki wa Mtera ambao kaka yake, shemeji Lameki, alikuwa anamletea kwa lori. Ndiyo iliyokuwa mkoba wake. Tangu kisanduku kifungwe ikaanza kuguna. Inaguna, inanyamaza, inaguna tena.

"Inaguna kama ng'ombe anayeshindwa kuzaa. Itoe kwenye hilo dude lako, nakuomba."

"Mashine inazoea. Na usiifungue-fungue, yule mtaalamu alisema ndiyo inayopoteza umeme."

Ikafika sherehe ya kipaimara ya Elina. Mama yake akajaza friza juzi yake, barafu za watoto wote wa mtaa na samaki wa biashara ya wiki inayofuata, nami nikapiga marufuku mtu kuifungua mpaka wageni waje. Akatii, kwa sababu alikuwa mke mwenye heshima na mimi nilikuwa mpumbavu mwenye sauti.

Wageni wakajaa, jua likazama, tukawasha taa zetu za papai. Kwaya kwenye redio kaseti ilikuwa inaimba kwa kujikokota kama iko msibani, na watu kwa adabu hawakusema kitu. Hapo mtu mwenye busara angekaa kimya ale pilau. Mimi nilisimama kuhutubia! Nikasema nchi inaumia kwa mgao kwa sababu watu hawataki kutumia sayansi, kisha nikawatoa wote nje hadi kwenye mita, pamoja na mchungaji na sahani yake.

"Kitazameni kisahani kinavyotulia," nikasema, ninamulika kwa tochi. "Sasa ninazima kisanduku, muone kitakavyokimbia."

Nikazungusha swichi. Kisahani kilikimbia kweli, lakini hakuna aliyekiona, kwa sababu nyuma yetu nyumba nzima iling'aa pwaa, kwaya ikashtuka na kuanza kuimba kama watu waliokula, pangaboi likavuma, na watoto wote uani wakaruka na kushangilia:

"Umeme umerudi! Umeme umerudi!"

Shemeji Lameki ndiye aliyeanza.

"Shemeji, kumbe mlikuwa gizani kwa hiari yenu?"

"Jamani!" akadakia jirani yetu Mama Chiku, amejishika kiuno. "Mimi mgao naletewa bure, mwenzangu kaununua dukani!"

Walicheka mpaka mchungaji akaweka sahani chini. Nami nikajaribu kucheka nao, na pengine yangeishia kwenye kicheko, ila watoto walikuwa wanadai barafu zao. Mama Elina akaenda kufungua friza.

Harufu ilitangulia, ya samaki na ya waya ulioungua. Watu wakafunika pua kwa khanga. Mke wangu akaingiza mkono, akatoa barafu moja ya ubuyu, imelegea, ya uvuguvugu, inachuruzika kwenye mkono wa gauni lake jipya. Akanionyesha mbele ya wote.

"Nilikwambia aiache," akasema. Hakupaza sauti.

Fundi alikuja, akanusa, akasema mota imeungua kwa kulishwa umeme pungufu, na hata hakufungua mfuko wake wa spana. Yule wa brifkesi sikumwona tena. Na bili? Ilikuja ile ile, maana friza iliguna usiku na mchana bila kugandisha, na pasi ilikaa moto nusu siku kwa shati moja. Kisanduku hakikuokoa kitu. Kilininyima mwanga nikauita akiba. Sasa nasikia vimerudi, vidogo kama chaja ya simu, unachomeka ukutani na taa ile ile ya kijani. Mjukuu wangu aliniletea kimoja kwa furaha. Nilimwambia akitoe nyumbani kwangu kabla sijakitupa chooni.

Friza nyingine hatukununua; ng'ombe wa baba mkwe walikuwa wamekwisha, na mshahara wangu mnaujua. Barafu zikaisha, samaki wakapelekwa kwa mwanamke mwingine mwenye friza. Mama Elina, aliyekuwa na hela yake mwenyewe tangu nimwoe, alianza kuja kwangu kuniomba ya chumvi, na aliniomba hivyo, bila kunikumbusha kitu, mpaka nilipomzika.