Ng'ombe Ndani ya Meli ya Maharamia

Hebu niambie wewe, ukiambiwa umfinyange mwizi wa baharini, na bahari yenyewe hujawahi kuiona hata siku moja, utaanzia wapi? Kichwani au miguuni? Mimi nilianzia kwa ng'ombe. Usicheke kwanza, ngoja nikueleze.

Mjukuu wangu anasoma chuo hapahapa Dodoma, anakaa na mimi Makole. Ana mchezo wake na wenzake wanne. Wanakuja kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, wanakaa barazani kwenye meza ya mninga aliyoiacha mzee wangu. Si karata wala si bao. Ni hadithi. Mjukuu wangu ndiye msimulizi, na kila mmoja wa hao wengine ni mtu ndani ya hadithi. Akisema, "Mmefika mlangoni, mlango umefungwa," mmoja anadakia, "Mimi naupiga teke!" Basi hapo wanarusha dadu, dadu yenyewe ina nyuso ishirini, sijui walikoitoa. Ikitoka namba kubwa, mlango umevunjika. Ikitoka ndogo, mguu ndio umevunjika. Na mezani wanapanga vitu vidogo kuonyesha nani kasimama wapi. Wakati ule vizibo vya soda ndio walikuwa wao, maharage ndio maadui. Tena maharage yangu ya kupika.

Mimi nilikuwa nakaa mlangoni kwenye kigoda changu, nasikiliza. Sisemi nilikuwa nafurahi, hapana. Mzee wangu, mume wangu, tulimzika wakati wa mavuno, na tangu hapo nilikuwa kama mguu ulioukalia ukafa ganzi. Unaugusa, unaona kabisa ni wako, lakini haukujibu. Msibani watu walilia, mimi nikawa nawamiminia maji ya kunawa. Siku moja mjukuu wangu kaonja chai yangu akaniuliza, "Bibi, umeacha sukari?" Nikamwambia, "Kwani haimo?" Kumbe nimekunywa hivyo wiki nzima.

Siku zilifanana zote. Jumanne, Alhamisi, sikuzitofautisha. Ila Jumamosi niliijua kwa sababu ya kelele zao. Nikisikia getini "Shikamoo Bibi" nne zimefuatana, najua leo Jumamosi, kesho kanisani. Kuanzia hapo nahesabu kidogo kidogo mpaka nipotee tena.

Sasa hadithi yao ikafika baharini. Mjukuu wangu akasema wanahitaji meli na maharamia, na vizibo vya soda havitoshi tena, kwa sababu lazima waone nani yuko kwenye meli ipi, nani karuka, nani kaanguka majini. Akatafuta. Alizunguka sokoni, akaingia kwenye maduka ya midoli yote anayoyajua, akarudi jioni na boti moja ya plastiki, ya kuogeshea watoto, ya njano, ina macho.

"Hii, Bibi, ndiyo meli pekee iliyopo Dodoma nzima."

"Ina macho."

"Naiona, Bibi."

Kwenye simu akanionyesha vile vya kununua nje. Vizuri sana, vidogo, hata vifungo vya koti vinaonekana. Lakini vinakuja baada ya miezi, na yeye chuo kingekuwa kimefungwa.

Kati ya wale wenzake yuko kijana mmoja, wazazi wake ni watu wa Tanga, wafanyakazi wa serikali, wamejenga Miyuji. Kijana mzuri, mcheshi, shikamoo yake ndefu. Jumamosi ile akasema kuna jamaa yake ana mashine inayotengeneza vitu vya plastiki, anaweza kututengenezea maharamia. "Ila basi tuhamie kwetu jamani. Meza ni kubwa, intaneti ipo, hakuna upepo wa kupeperusha karatasi." Wenzake wakasema si vibaya. Mjukuu wangu akaniangalia mimi, halafu akaangalia meza.

Mimi sikusema msiende. Mtu hazuii watoto wa watu. Lakini nilielewa vizuri tu kwamba wakihama, na Jumamosi yangu imehama. Nililijua hilo kama unavyojua kwamba maji ya ndoo yameisha. Halikuniuma. Nililijua tu.

Walipoondoka nikamuuliza, "Hao watu mnaowatafuta wana urefu gani?"

"Kama kidole gumba, Bibi."

"Na kazi yao?"

"Wanaiba. Wanavamia meli za watu, wanachukua kila kitu."

Kesho yake nikaenda kanisani, na keshokutwa yake nikapanda daladala kwenda Zuzu, nje ya mji, kwa mdogo wangu. Yeye ndiye aliyebaki na kazi ya mama yetu ya kufinyanga vyungu, na udongo wake mzuri, ukiukunja haupasuki. Nikamwambia naomba udongo na sehemu ya kukaa. Nikaanza. Hapo ndipo nilipokwama, maana kichwani hamna kitu. Mwizi wa baharini anafananaje? Basi mikono ikaanza yenyewe kufanya inachokijua. Tulipokuwa wadogo tukichunga ndama tulikuwa tunafinyanga ng'ombe wa udongo siku nzima, nundu, pembe, kila kitu. Nikashtukia nina ng'ombe watatu mbele yangu.

Nikasema sawa. Wezi ninaowajua mimi tangu nazaliwa wanaondoka na ng'ombe. Mwizi aliyevamia watu akarudi mikono mitupu huyo ni mpita njia. Nikawafinyanga na wenyewe sasa, kumi na wawili, kila mmoja na shuka lake begani na fimbo yake. Masikio nikayatoboa, nikayavuta yaning'inie kama ya babu yangu. Meli nikazifanya sita, kwa mfano wa hori la kunyweshea ng'ombe, kwa sababu kama hori linazuia maji yasitoke basi litazuia pia yasiingie.

Mdogo wangu akaja akasimama, mikono kiunoni.

"Dada, mbona unachezea udongo kama mchunga ndama? Uzee umeanza?"

"Nafinyanga maharamia."

"Ndio wanyama gani?"

"Wezi wa baharini."

Akainama akamwangalia mmoja. "Huyu ni mjomba wetu kabisa. Hata tumbo."

Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilisikia kicheko chake kama unavyosikia redio ya jirani. Nikaendelea kumtengeneza mjomba fimbo.

Tukavianika kivulini siku kadhaa, halafu tukavichoma kwa kuni na mavi ya ng'ombe, kama vyungu. Wawili wakapasuka vichwa motoni. Waliobaki walitoka wekundu, wagumu, wanalia ukiwagonga. Nikawafukia kwenye beseni la pumba, nikawapakata njiani kama mtoto mgonjwa, na bado nilipofika Makole nikakuta meli mbili zimevunjika katikati. Udongo ndivyo ulivyo, haupendi safari.

Milingoti nikaitengeneza kwa vijiti vya mzabibu tuliopogoa uani. Yakabaki matanga ya meli. Nikafungua sanduku nikatoa shati la mzee, lile la drafti alilokuwa anavaa siku za mnada. Nikachukua mkasi. Kabla ya kukata nikangoja kidogo, nikajisemea sasa ndiyo itaniuma. Nikakata mkono wa kwanza. Nikangoja. Nikakata wa pili. Hakuna. Kitambaa kilikuwa kitambaa. Nikakata matanga manne, nikayapiga pindo vizuri yasichanike.

Mjukuu wangu akaingia, akasimama pale.

"Bibi. Hili si shati la Babu?"

"Ndilo."

"Lile la mnadani."

"Ndilo. Nishikie uzi."

Akanishikia uzi. Yeye ndiye aliyelia, kidogo tu, akajifutia begani huku mkono haujaachia uzi. Nikamaliza tanga la nne.

Nikufichulie na hili. Udongo alionifungia mdogo wangu kwenye mfuko nilirudi nao Makole, na wiki ile yote mikono haikutaka kukaa. Nikafinyanga tena, nikamrudishia Zuzu akanichomea, na meli saba nyingine zilizosalimika njiani zikawa chini ya kitanda changu kwenye beseni, nimezifunika kanga. Sikumwambia mtu. Sikuwa na sababu, au labda nilikuwa nayo.

Jumamosi ya kwanza ilinikuta Zuzu; ya pili ikafika. Shikamoo nne. Nikawa nimeshawapanga mezani, meli nne, maharamia kumi, na kila meli ina ng'ombe wake katikati, moja tu imekosa. Wakaizunguka meza. Halafu binti mmoja wa miwani, mdogo wa umbo lakini sauti kama kengele ya shule, akapiga yowe.

"Bibi! Ng'ombe melini?"

"Sasa wamekwenda kuiba nini?"

"Dhahabu, Bibi! Lulu!"

"Lulu unaikamua?"

Wakacheka wote. Yule wa Tanga akamnyanyua mjomba wetu kwa vidole viwili. "Bibi, huyu amevaa shuka na ana fimbo. Baharini anamchunga nani, samaki?"

"Wewe mtu wa madafu nyamaza. Ng'ombe ungemjulia wapi?"

"Haya, nimenyamaza, Bibi."

Na yeye alikuwa amekuja na wa kwake watatu, weupe, kwenye kopo. Nikampokea mmoja mkononi. Ana kofia, ana upanga, na meno yake yanahesabika. Nikamsifu, kwa kweli alikuwa mzuri. Ila hakuwa na uzito, ukifumba macho hujui kama umeshika kitu. Tukawaweka karibu na wa kwangu, wakakaa kama wageni waliofika kijijini bila kutoa taarifa.

Wakacheza. Mjukuu wangu akasimulia kwamba maharamia wameteka mifugo ya mfalme, na sasa wako katikati ya maji na ng'ombe hawana majani. Wakagombana saa nzima: wachinje mmoja, au warudi nchi kavu wakamatwe? Binti wa miwani akarusha dadu ili akamue maziwa, ikatoka mbili, akapigwa teke akaanguka baharini. Nilisikia yote. Sikucheka, lakini kila neno nililisikia, na hilo lilikuwa halijatokea siku nyingi.

Walipokuwa wanakusanya vitu, kijana wa Tanga akasema, "Bibi, umetuua. Hivi ni vizuri kuliko vya mashine. Basi wiki ijayo nakuja na bodaboda, navipakia vyote, tunaendelea kwetu Miyuji."

Wenzake wakamwangalia mjukuu wangu, kwa sababu hadithi ni ya kwake. Mimi nikaendelea kuokota maganda ya karanga sakafuni. Nililiokota moja mara mbili.

Mjukuu wangu akanyanyua meli moja, ile ambayo tanga lake lina mfuko wa shati, akaigonga kwa kucha ikalia.

"Kutoka Zuzu zilivunjika mbili, na Bibi alikuwa amezipakata," akasema. "Bodaboda itamaliza zote. Udongo hausafiri. Anayetaka kucheza aje hapa."

"Na zikivunjikia hapahapa?" yule kijana akauliza.

 Mjukuu wangu alinigeukia mimi pale sakafuni, na meli yake mkononi.

"Mpaka meli ya mwisho ivunjike, Bibi, hatuhami barazani kwako. Nakuahidi."