Mguu Uliomkosesha Marcelino Mtani

Mguu wa kulia wa Marcelino ulimtia aibu kwa mara ya kwanza katikati ya Mtaa wa Mkunguni, saa za watu wengi. Alikuwa mbele ya mkokoteni, ameshika mipini yake miwili. Nyuma yake magunia ya vitunguu, na nyuma ya magunia Tarsis akisukuma. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi kibarazani akamwita, "Kaka, kiatu chako hicho!" Marcelino akageuka. Katambuga lake lilikuwa limelala peke yake kule alikotoka, naye ametembea mguu mtupu mpaka alipoitwa. Mguu haukumwambia kitu.

Sasa, upepo ukimvua mtu kofia asijue, tutasema ana mawazo. Lakini katambuga! Kitu kimekatwa kwenye tairi la lori, kizito kama sufuria ya ugali, kikuvuke usisikie! Alirudi kulifuata huku akichechemea, na hapo ndipo alipogundua jambo la pili: vidole vya mguu ule havikutaka kuinuka. Alipojaribu kuvipandisha vilining'inia tu, vikakwaruza lami, kana kwamba ni vya mtu mwingine naye kaviazima.

"We Mngoni!" Tarsis akapiga kelele kutoka nyuma, mtaa mzima umsikie. "Mguu huo nimeufunga mimi! Babu yako alitukimbia kule Iringa, safari hii hukimbii!"

Watu wakacheka. Marcelino naye akacheka, akamjibu kwamba mbwa wa Mkunguni wanaulizana ndugu zao wamekwenda wapi tangu Mhehe huyu ahamie mjini. Ndivyo walivyoishi. Wangoni na Wahehe walipigana zamani vita vya kumalizana, wakachoka, wakabaki watani. Na mtani ana ruhusa ya kukutukania babu, ukoo na pua yako, nawe huna ruhusa ya kununa. Anayenuna ndiye mkosaji. Miaka yote waliyokula kwa mkokoteni ule mmoja, wawili hawa hawakuwahi kusalimiana kwa "habari za asubuhi" kama watu wengine. Walianza na matusi, wakamaliza na chai.

Lakini Marcelino alipofika chumbani kwake Ilala, kicheko kilikuwa kimekwisha. Hamali ni miguu. Mbele ya mkokoteni ndiko kwenye breki, na breki yenyewe ni visigino vya mshikaji. Ukiteremka njia ya kuingia shimoni, kule chini ya soko wanakouza kwa jumla, mguu ukakataa, magunia yanakupitia juu. Na mwaka ule haukuwa mwaka wa kukaa bila kazi. Unga wenyewe ulikuwa wa njano na wa foleni, na mgambo walikuwa wakiwazoa wasio na kazi ili wakalime. Mkewe Agnesi na mtoto wao Josepha walikula kwa mguu ule, na mguu ule haukujali.

Dawa ya kwanza alikuwa nayo mwenyewe. Tangu kabla ya Pasaka, alipoteguka goti kwenye mteremko wa shimoni, alikuwa akifunga ukanda wa tyubu ya baiskeli chini ya goti, kama alivyoona mahamali wengine wakifanya. Goti lilitulia. Mguu ulipoanza kufa ganzi akaongeza mzunguko mmoja, na ulipolegea zaidi akaukaza ukanda kwa meno. Usimcheke haraka. Kazi yake yote ilimfundisha hivyo: mzigo ukilegea kwenye mkokoteni, unakaza kamba. Nani amewahi kusikia mzigo uliolegea ukatengenezwa kwa kulegezwa?

Na ushauri! Jiji lile halikuwa na sabuni, halikuwa na sukari, lakini ushauri ulikuwa haupangiwi foleni. Mwenye nyumba alisema ni baridi ya sakafu. Fundi cherehani wa kibarazani alisema ni damu nzito, ainywee ndimu. Mwingine akasema ni maji yameingia kwenye mifupa, akaulizwa yameingilia wapi, akakasirika. Mama wa chumba cha pili hakusema kitu. Alianza tu kutenga kikombe ambacho Marcelino alikuwa akinywea maji ya mtungi wa uani. Hilo ndilo lililomchoma. Ganzi ya mguu, kila mtu ajua inaitwaje, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitamka jina lake mbele yake.

"Unafikiri ni ukoma," Agnesi akamwambia wazi, maana yeye hakuwa na subira ya kunong'ona. "Baba Josepha, kama unafikiri hivyo nenda zahanati wakwambie. Mimi nimechoka kukuangalia ukikodolea vidole macho kama unataka kuvikopesha."

Akaenda. Na hapa ndipo panaponikera mimi ninayesimulia. Marcelino alioga, akausugua mguu kwa kipande cha sabuni ambacho mkewe alikipigania kwenye duka la ushirika, akavaa suruali ya kanisani, na ule ukanda wa tyubu akauvua, akautundika msumarini. Nani aende kwa daktari amefungwa mpira kama mzigo wa kuni? Adabu iko wapi? Daktari akamwambia apandishe suruali; akaipandisha mpaka kwenye muundi, kwa heshima, wala hakuulizwa zaidi. Akachomwa na pini hapa na pale. Akaambiwa asukume, avute, atembee kwa visigino. Kwa visigino hakuweza.

"Ukoma siyo," alisema daktari, kijana aliyekuwa na watu wengine kibao mlangoni. "Lakini ni nini, bado sijui. Pumzika. Kula vizuri, nyama, maziwa, mayai. Urudi baada ya mwezi."

Nyama, maziwa, mayai! Marcelino alitoka pale akicheka peke yake kwa hasira. Alikuwa amefurahi kusikia kwamba si ukoma, na furaha ile ilimwishia kabla hajavuka Barabara ya Uhuru, kwa sababu kitu chenye jina unaweza kukipigia magoti, lakini kisicho na jina utakiombaje? Alipofika nyumbani akautwaa ukanda wake msumarini, akaufunga, akaukaza.

Mahali pa mwisho ni pale ambapo mtu huenda baada ya kuapa kwamba haendi. Mzee Bakili alikuwa mganga wa huko huko Ilala, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Marcelino alimwamkia, akaketi mkekani, akaeleza. Mzee akatikisa kibuyu, kisha akasema, "Anayekuumiza hayuko mbele yako, mwanangu. Angalia nyuma."

Mtu mwingine angefikiria shangazi, au jirani, au mwanamke wa zamani. Marcelino alifikiria mkokoteni. Nyuma yake, kila siku iliyokuja, alikuwa nani? Na ni nani aliyesema kwa kinywa chake, sokoni, watu wakisikia, kwamba mguu ule kaufunga yeye? Ukishatafuta sababu kwa muda mrefu na kuikosa, ya kwanza kujitokeza unaikumbatia hata kama inanuka. Alirudi nyumbani amejaa hasira kama chungu kinachotaka kufurika. Agnesi alipoambiwa alimtazama tu, akasema, "Tarsis? Tarsis huyu aliyembeba Josepha mgongoni mpaka hospitali? Una wazimu." Naye akamjibu kwamba mwanamke hajui mambo ya watu wa Iringa.

Asubuhi Tarsis alikuwa pale mlangoni mwa shimoni, ameegemea mkokoteni.

"Bado hujafa?" akamwamkia. "Mimi nimeshawaambia wenzako nitaimba mwenyewe matangani."

"Nifungulie mguu wangu," Marcelino alisema.

"Uongeze adabu kwanza."

"Sitanii! Nifungulie mguu wangu, mchawi wewe! Watu wote hawa wasikie, huyu ni mchawi, ameniua mguu!"

Mahamali wakaacha magunia, mpima mizani akaacha mizani. Kumwita mtu mwizi sokoni ni jambo la siku moja. Atapekuliwa, atapatikana hana, mtaomba radhi. Mchawi anapekuliwa wapi? Tarsis alikuwa bado na kicheko mdomoni, akabaki nacho vile vile muda kidogo, kama mtu aliyeshika kikombe kilichovunjika. Kisha akachukua shati lake juu ya mkokoteni, akalikung'uta, akaondoka. Hakutukana. Marcelino hata hilo hakuliona.

Baada ya hapo hakuna aliyekubali kumsukumia. Walimpa pole, walimwonea huruma, ila kusimama nyuma ya Marcelino hakuna aliyetaka. Leo mguu, kesho mkono, na wa kuulizwa ni wewe. Mkokoteni ukalala uani, kuku wakaugeuza kitanda. Agnesi akawa anakaanga mihogo kibarazani ili nyumba ipate kula, na maneno aliyokuwa akiyasema huku akigeuza mihogo hayahitaji kuandikwa.

Siku moja Marcelino akaukosa ukanda wake. Akaupekua mkeka, akaupekua ukuta, akauliza.

"Nimefungia kopo la mafuta ya taa," Agnesi akamjibu. "Nimeyapata baada ya foleni ya kutwa, kopo halina kifuniko, nikalifunika kwa nailoni. Ulitaka niikaze kwa utumbo wangu?"

Akagomba, lakini kazi yenyewe hakuwa nayo, akauacha. Siku zikapita. Asubuhi moja aliposhuka kitandani alihisi sakafu ina baridi. Hakutilia maanani. Baadaye akajikuta amemfukuza kuku kwa teke, na teke lile lilikuwa la mguu wa kulia. Akakaa chini, akavitazama vidole, akavitaka viinuke. Vikapanda. Si sana, si kama vya kushoto, lakini vikapanda. Mwezi haukwisha akawa anatembea bila kukwaruza. Akamshukuru Mungu, akamshukuru Mzee Bakili, akaona hata Tarsis ameogopa na kumwachia.

Mafuta yalipokwisha, akauchukua tena ukanda. Kulikuwa na kibarua cha kupakua chumvi, naye hakutaka kwenda kizembe. Akaufunga vizuri chini ya goti, mizunguko yake ile ile, akaukaza kwa meno. Kabla ya adhuhuri mguu ukaanza kutambaliwa na sisimizi. Kisha sisimizi wakaondoka, mguu usisikie tena kitu.

Marcelino akaketi juu ya gunia la chumvi. Akapandisha suruali mpaka gotini, akautazama ule mpira mweusi na jinsi nyama ilivyofura juu yake na chini yake. Akaufungua. Akasubiri. Sisimizi wakarudi mmoja mmoja. Alijua hapo hapo, na alijua yote kwa mkupuo: pini za daktari, kikombe kilichotengwa, kibuyu, shati lililokung'utwa. Aliufunga mguu wake kwa mikono yake na meno yake mwenyewe. Akajitukana kwa Kingoni, kwa sauti, mpaka msimamizi akamwuliza kama anaumwa.

Hakungoja kesho. Alikwenda shimoni akiwa na chumvi mwilini, na njia nzima alikuwa akitayarisha kichwa chake kwa matusi atakayopewa. Alijua yatakuwa makubwa. Aliyataka makubwa. Tarsis alikuwa akipanga vikapu vya nyanya, na mwenzake mpya, Eliasi, akishika mkokoteni mwingine.

"Karibu, ndugu Marcelino," Tarsis alisema, akajifuta mikono, akampa mkono. "Habari za nyumbani? Mama Josepha hajambo?"

"Hajambo." Marcelino akaunyosha mguu wa kulia mbele. "Mguu umepona. Ni ule mpira, Tarsis. Mpira wangu mwenyewe. Nilikuwa nimejifunga mwenyewe."

"Tumshukuru Mungu."

"We Mhehe, husikii? Nimekuja kukuomba radhi. Nimekuwa mjinga. Sema basi! Waambie Mngoni kajifunga kamba kama mbuzi!"

Eliasi akacheka. Tarsis hakucheka. Alimtazama Marcelino kwa upole, kama unavyomtazama mgeni aliyepotea njia.

"Radhi nimekupa, ndugu yangu. Sina kinyongo."

"Basi nitukane!"

"Siwezi. Nikutanie leo, kesho uumwe kichwa, mimi nitalala wapi?" Akakiinua kikapu cha mwisho, akakiweka juu ya vingine. "Nisamehe, kuna mzigo unasubiri. Nisalimie nyumbani."

Wakaondoka, Eliasi mbele, Tarsis nyuma. Marcelino akabaki mlangoni mwa shimoni, amesimama kwa miguu miwili mizima, watu wakimwambia apishe.