Mawingu na Amplifaya Mbili

Jina alilopewa na wazazi wake lipo, na kwenye kitambulisho limeandikwa vizuri kabisa, lakini mtaa mzima unamwita Mawingu. Ukiuliza sababu utaambiwa ukae kidogo utaiona mwenyewe. Ni fundi makochi. Utamkuta anapigilia kitambaa kwenye kiti cha mteja, misumari midogo ameibana kwa midomo, mara nyundo inasimama hewani, macho yanapanda darini, na ndiyo hivyo, ameshaondoka. Mwili uko pale, mwenyewe hayupo. Wateja wazoefu hujitafutia kochi lililo karibu wakakaa kumngoja arudi. Wageni huanza kuita majirani.

Anakokwenda si mbali. Anakwenda jukwaani. Kila Jumamosi Mawingu hupiga gitaa katika bendi ndogo ya watu wanne: yeye mwenyewe, mdogo wake wa kike, anayeimba, fundi mageti, anayepiga dramu, na binamu yao mmoja wa besi, mtu mkimya kiasi kwamba hata katika habari hii hatatamka neno. Siku nyingine za wiki, Mawingu hupiga kichwani. Na katika ndoto zake zote hizo, hata zile za mchana kweupe, mdogo wake huwa amesimama kulia kwake, maiki mkononi, na ukumbi umetulia tuli kumsikiliza.

Karakana yake inailea tabia hiyo. Sponji zimepangwa mpaka zinagusa dari, magunia ya pamba yamejaa pembeni, majora ya vitambaa yamesimama ukutani bega kwa bega. Ukivuka kizingiti tu, kelele za barabarani zinakatika. Honi, wachuuzi, redio ya kinyozi wa jirani, vyote vinabaki nje. Mle ndani jua linaingia limechujwa na pazia la kitambaa cha mteja fulani, nyuzi za pamba zinaelea taratibu kwenye mwanga, na mtu akiongea ni kama anaongea chini ya blanketi. Ukikaa humo sana unaanza kusinzia, na mimi sijawahi kumlaumu fundi kwa hilo.

Zamani bendi ilifanyia mazoezi kwa fundi mageti. Kule paa ni bati, kuta ni bati, na mabamba ya chuma yameegemezwa kila upande. Ukiangusha kijiko, mlio unazunguka chumba kizima kabla ya kukubali kufa. Mawingu alikuwa na amplifaya ndogo tu ya kuazima, na bado majirani walikuja juu. Walipochoka kusema na kuanza kurusha mawe kwenye bati, bendi ilihamia kwenye karakana ya makochi. Siku hiyohiyo ya kwanza, mambo mawili yalimhuzunisha Mawingu. La kwanza, amplifaya yake ilikuwa imedhoofu ghafla. La pili, na hili ndilo lililomuuma, sauti ya mdogo wake ilikuwa imepungua.

Hakumficha.

"Mdogo wangu, mbona sauti yako siku hizi haina nguvu?"

"Kweli, Kaka?"

"Kweli. Haifiki hata pale mlangoni."

Mdogo wake ni mwalimu wa chekechea, mtaani wanamwita Ticha. Ni mtu wa kujibu, haonewi na yeyote, hata mkuu wake wa shule anajua. Lakini aliyemfundisha kuimba ni Mawingu, tangu akiwa na pengo la meno ya mbele, na kuhusu sauti yake alichosema kaka kilikuwa sheria. Aliamini. Akaanza kunywa maji ya tangawizi asubuhi na jioni. Akajifunga skafu shingoni jua likiwaka. Alifukiza, alisukutua, alikaa kimya Ijumaa nzima, jambo ambalo kwa mwalimu wa chekechea ni mateso.

Mawingu naye alitafuta dawa ya upande wake. Aliuza amplifaya ndogo baada ya kumlipa aliyemwazima thamani yake, akanunua kubwa. Akaijaribu karakanani, akaona haitoshi. Akaibadilisha kwa kubwa zaidi. Mwisho alimiliki dude lenye spika nne, lililosimama jukwaani kama kabati la vyombo, na kulipandisha kwenye gari walihitajika wanaume watatu na matusi kiasi. Ukumbini alilitega nyuma yake, akafungua sauti, akafumba macho, na safari ikaanza. Hakuna alichosikia ila gitaa lake. Ilikuwa raha isiyosemeka. Mbele yake mdogo wake alikuwa anaimba mishipa imemtoka shingoni, na kufikia wimbo wa tatu sauti yake ilikuwa inakwaruza. Mawingu alifumbua jicho moja, akamwona anavyohangaika, akatikisa kichwa kwa huruma. Maskini mdogo wangu, akawaza, sauti imekwisha kweli.

Hivyo ndivyo miaka mitatu ilivyokwenda.

Siku moja Ticha alikuja karakanani baada ya kazi, akakaa kwenye kochi ambalo halijavikwa kitambaa, mkoba mapajani.

"Kaka, kuna sherehe ya kumuaga mkunga mkuu wa hospitali. Tumeshatoa neno, nitaimba. Baada ya hapo naacha."

"Unaacha nini?"

"Kuimba. Jumatatu nikifika darasani watoto hawanisikii. Wananong'ona, na mimi nanong'ona, tumekuwa kama wezi." Alijaribu kucheka. "Na jukwaani kwenyewe nasimama kama niko peke yangu. Basi, imetosha. Tafuteni mwingine."

Mawingu aliweka nyundo chini. Alishika tama, akatazama sponji. Ilikuwa kama mtu amekuja kumchukulia nusu ya nyumba, na yeye hana hata cheti cha kuonyesha kuwa ni yake.

Kabla ya sherehe hiyo, lile kabati la spika nne lilifuka moshi mazoezini na kufa. Mawingu alikwenda kwa muuza vyombo vya muziki, mzee mwenye miwani ya kamba, anayemjua tangu ujana wake. Akamweleza shida. Mzee akamtolea amplifaya mbili za kwenda kujaribu: moja ya wati mia, kubwa, na moja ya wati kumi na tano, inayobebwa kwa mkono mmoja kama ndoo.

"Chukua zote, kisha mojawapo irudi," alisema. "Lakini sikiliza, mwanangu. Amplifaya ni ya wewe na wenzako kusikilizana pale jukwaani. Watu waliokaa, wana spika za ukumbi. Utawekewa maiki mbele ya amplifaya, habari imekwisha. Na usiiweke chini. Mnaziweka chini, zinapigia magoti, kisha mnasema hazisikiki mnaongeza. Magoti hayana masikio."

"Ndiyo, Mzee," alisema Mawingu, ambaye wakati huo alikuwa tayari jukwaani, mdogo wake anaimba wimbo wa mwisho, na watu wanafuta machozi.

Alizijaribu zote mbili karakanani. Ile ndogo ilisikika kama nzi ndani ya mto. Kubwa ilisikika kidogo. Akaamua kubwa. Fundi mageti alisema sawa, ila safari hii yeye mgongo wake haubebi.

Siku moja kabla ya sherehe, mchana, lilikuja lori kuchukua kazi kubwa ya Mawingu: makochi yote ya ukumbi wa wageni wa hoteli mpya. Vijana walitoa makochi, wakatoa mito, na kwa kuwa mwenye hoteli alitaka na vitanda vitengenezwe hukohuko, wakapakia sponji zote, magunia ya pamba na majora ya vitambaa. Lori likaondoka. Mawingu alisimama katikati ya sakafu tupu. Hakuwahi kuijua rangi ya kuta zake. Mwanga ulikuwa umeenea kote, mweupe, na karakana ilifanana na mahali alipowahi kupaona usingizini tu.

"Kaka!" Ticha aliita kutoka mlangoni, mkoba begani, bakuli la chakula mkononi. "Wamekuibia?"

Mawingu aliruka. Sauti ile ilijaa chumba kizima, ikagonga ukuta wa mwisho, ikamrudia kifuani.

"Sema tena," alisema.

"Niseme nini?"

"Chochote. Imba."

"Mwenzangu ana wazimu leo." Lakini aliweka bakuli chini, na kwa kuwa alikuwa amechoka hakujikaza hata kidogo. Aliimba kama mtu anayekunja nguo. Sauti ikapanda bila kusukumwa, pana, na nzito kidogo kuliko ilivyokuwa usichanani mwake. Mawingu alikwenda polepole mpaka kwenye ile amplifaya ndogo, akachomeka gitaa, akagusa uzi mmoja. Chumba kikaita. Akapunguza. Bado kiliita. Akapunguza tena, mpaka gitaa likakaa chini ya sauti ya mdogo wake na kuibeba, na kwa kitambo wote wawili hawakukumbuka kuwa wana njaa.

Kisha ndoto ikakatika, akatazama kuta tupu, na akaelewa. Mtu anayewaapia wateja kwamba makochi yake hayatoi hata mlio! Mtu anayejua sponji na pamba kuliko anavyojijua!

"Sauti yako haikupungua," alisema. "Ni hizi sponji. Zilikuwa zinaimeza. Na gitaa pia zilikuwa zinalimeza. Ndiyo maana nikanunua lile dude, na lile dude ndilo lililokukwaruza koo."

Ticha alizitazama kuta tupu. Mawingu alidhani atafurahi. Hapo ndipo alipokosea.

"Miaka mitatu," alisema Ticha. "Miaka mitatu nakunywa tangawizi mpaka naota naunguza ulimi. Kwa sababu ya magodoro."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusamehe. Ila kesho ndiyo mwisho, kama nilivyokuambia." Akachukua mkoba wake akatoka.

Kesho yake Mawingu aliingia kwenye ukumbi wa hospitali na amplifaya ndogo mkononi. Fundi mageti alivunjika mbavu.

"Leo umetuletea redio? Tusikilize taarifa ya habari?"

Mawingu aliazima kiti kwa wahudumu, akaiweka amplifaya juu yake, akaielekeza kwenye sikio lake mwenyewe. Fundi wa mitambo akaweka maiki mbele yake. Saa za alasiri zile watu walianza kuingia, na hapo fundi makochi akaanza kutokwa jasho. Alikuwa anatazama nguo. Makoti, magauni mapana, vilemba, mashuka ya watoto wachanga, kwa sababu nusu ya waliokuja walikuwa wamezalishwa na yule mkunga na nusu nyingine walikuwa wamebeba aliowazalisha majuzi. Kila mtu mmoja aliyeketi alikuwa kwake ni mto mmoja umeingia ukumbini. Wimbo wa kwanza ulipoanza mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha sauti. Akaurudisha. Ulikwenda tena. Akaurudisha, akapiga moyo konde, akafumbua macho, kitu ambacho jukwaani hakuwa na mazoea nacho.

Akamsikia mdogo wake. Alisikia anavyovuta pumzi kabla ya ubeti. Alisikia tabasamu likiingia kwenye neno pale mkunga aliposimama kucheza. Mishipa ya shingo ilikuwa imetulia mahali pake, na ukumbi nao ulikuwa umetulia vilevile kama alivyozoea kuuona darini mwa karakana, ila safari hii ulikuwa na watu wa kweli na watoto wanaokohoa.

Wimbo wa pili ulipofika mahali pa gitaa, Ticha aligeuza uso nusu, maiki mdomoni, akaita: "Kaka!"

Mawingu alidhani amesikia vibaya. Alipiga sehemu yake kwa mbinde, kisha akainama kwa fundi mageti.

"Ameniita?"

"Nani, Ticha? Si anakuita kila siku."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuleta yale makabati." Fundi mageti hakuacha kupiga. "Kila wimbo, kabla hujaingia. Sisi tulijua unamsikia, unaringa tu."

Mawingu alitazama mgongo wa mdogo wake. Jumamosi zote hizo. Yeye macho kafumba, na mtu anamwita mbele ya watu, haitikiwi, na wiki inayofuata anamwita tena. Machozi yalimlenga, wala hakujali nani anaona.

Wimbo wa tatu ulizunguka, ukakaribia palepale. Ticha aligeuka nusu, kwa mazoea tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua haina watu.

"Kaka!"

Mawingu alitoa mkono kwenye nyuzi.

"Naam!"

Hakuwa na maiki, lakini neno lilifika. Ticha akageuka mzima. Alifungua mdomo kuendelea, ubeti ukawa umempotea. Dramu na besi zikazunguka palepale zikimngoja, zikazunguka tena, na watu wakaanza kupiga makofi wakidhani ndivyo wimbo ulivyo. Ticha alikuwa anacheka, kiganja kimefunika macho.

Jioni, wakikunja waya, alikuja akainua ile amplifaya ndogo kutoka kwenye kiti, akaipima uzito kwa mkono.

"Mazoezi Jumatano," alisema bila kumtazama kaka yake. "Ila si kwako."