Daku Kabla ya Kipimo

Tangu nijue kusoma ukubwani, sipiti tangazo la ukutani bila kulisoma, tena kwa sauti. Juzi asubuhi, hospitalini hapa Morogoro, nilikaa na wanaongoja kile kipimo cha kumeza mpira wenye kamera na ultrasaundi mpaka tumboni. Nikasoma: "Mgonjwa afunge tangu usiku. Chakula kinaweza kupanda na kumpalia."

Mzee mmoja wa Mlali akaweka kofia sawa. "Nimefunga, mwanangu. Hata mate nayatema."

Mkewe akaguna. "Na lile daku?"

Nesi aliyekuja kumchukua akasimama palepale. "Shikamoo babu. Daku gani tena?"

"Marahaba. La kabla ya adhana. Wali maharage, na kindizi cha kusindikizia."

"Babu! Mpira ungekutana na wali mlangoni. Rudi kesho, na leo usiku hakuna daku."

Mzee akashika tumbo lake linalouma. "Bila daku? Binti, hiyo siyo funga, hiyo njaa!"

"Kesho atakuja mtupu," mkewe akamwambia nesi. "Leo sufuria nalala nayo."

Mzee akanigeukia kwa hasira. "Na wewe ungenyamaza, saa hizi ningeshapimwa."

"Ungeshapaliwa," mkewe akajibu, akamshika mkono wakaondoka.

Basi nawaomba wanaoandika matangazo ya hospitali waongeze maneno mawili tu: "Hata daku." Kuyasoma kwa sauti niachieni mimi.