Mkia wa Dinosaria

Mwalimu Anjeline Nasirumbi alikuwa na watoto ishirini na wanane wa chekechea mjini Busia, upande wa Uganda, na juma lile lote waliunda dinosaria. Usimcheke. Picha alikuwa nayo moja tu, ukurasa uliochanika kitabuni, na hiyo ikamtosha. Maboksi ya sabuni yakawa matumbo, trei za mayai zikakatwa zikawa miiba ya mgongo, vizibo vya soda vikawa macho. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, akakoroga mpaka mkono ukamuuma.

"Ticha, wako Uganda ama Kenya?" aliuliza Swabur, ambaye hakosi swali.

"Walikuwapo kabla ya mpaka, baba. Hakukuwa hata na afande wa kuwauliza kitambulisho."

Jamirah, msichana wa miaka mitano anayelelewa na bibi yake, alitaka kujua jambo lingine.

"Walikula nini?"

"Majani."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Hata jioni?"

Anjeline alijibu ndiyo, hata jioni, akaendelea kupaka gundi. Ole wake, alijibu swali bila kulisikia.

Sasa, ubaya wa gundi ya muhogo ni kwamba panya nao wanaipenda. Muhula uliopita walitafuna twiga wote, wazazi wakaja kuonyeshwa miguu mitupu, na Anjeline akaona haya mpaka basi. Kwa hiyo Alhamisi, watoto walipokwisha kwenda nyumbani, alimwita Mzee Okware, mlinzi, akamkabidhi sufuria ya gundi iliyobaki.

"Mzee, tia dawa humu, uwapake dinosaria migongoni na mikiani. Safari hii panya wasituumbue."

Maonyesho kwa wazazi yalikuwa kesho yake saa nne. Yeye angewahi mlangoni, awakanye watoto wasiguse kitu. Ndivyo alivyojipangia, na mipango si matumizi.

Bibi yake Jamirah huvuka mpaka alfajiri kuuza nyanya, basi mtoto huyo ndiye huwa wa kwanza kufika shuleni. Darasa halikuwa na kufuli. Anjeline alipoingia Ijumaa alimkuta dinosaria mkubwa hana mkia. Chini ya meza alikaa Jamirah, midomo imeganda gundi, anakwangua trei ya mayai kwa kucha.

"Ni panya, Ticha," alisema mtoto. Kisha akatapika.

Mungu wangu! Anjeline alimnyakua, akatoka mbio bila viatu, akaizuia pikipiki ya kwanza katikati ya barabara. Njia nzima aliimba maneno yale yale kwenye sikio la dereva: nimeua mtoto wa watu, nimeua mtoto wa watu. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hao wahenga hawakuwahi kufundisha chekechea.

"Dawa gani?" aliuliza daktari wa zahanati.

"Ya panya."

"Ya panya ipi? Ya unga, ya maji? Nikikosea tiba nitamwongezea balaa."

Hakujua. Alimpa mtu sufuria na neno moja, basi, hakuuliza la pili. Alimpigia Okware, ambaye asubuhi hushika baiskeli kwenda shambani kwake, kijijini Kwapa. Simu ikaita ikakatika. Akapiga tena, na tena, huku Jamirah amelegea kitandani, jasho limemtoka. Mara ya sita ikapokewa.

"Mwalimu! Habari ya asubuhi?"

"Ulitia dawa gani?"

"Watoto hawajambo huko?"

"Okware! Dawa gani?"

"Si ile ulisema? Mwarobaini. Nilichemsha majani sufuria nzima. Hakuna panya ataweka mdomo."

"Mimi nilisema dawa ya panya!"

"Ulisema dawa." Mzee alikuwa ameudhika sasa. "Ile ya panya si dawa, Mwalimu. Kwetu tunaita sumu. Mimi nitatia sumu kwa vitu vya watoto?"

Anjeline alikaa sakafuni pale pale akalia kwa sauti, bila aibu yoyote. Daktari naye alishusha pumzi. Mwarobaini mwingi hivyo ungemtapisha hata mtu mzima, alisema, lakini huyu atapona. Apewe maji, akae aangaliwe mpaka jioni.

Anjeline alimpakata mtoto. Polepole, hofu ilipokuwa ikimtoka, akaanza kuwaza. Mwarobaini aliujua, alinyweshwa utotoni alipougua malaria. Funda moja linakukunja uso siku nzima. Na mkia ule ulikuwa mrefu kama mkono wake. Lile swali la "hata jioni" likamrudia.

"Mama, haikuwa chungu?"

"Chungu sana, Ticha."

"Mbona hukutema?"

"Ya kwanza nilitema," alisema Jamirah. "Halafu nikazoea."