Chapa ya Ng'ambo

Keziah, aliyekuwa akisugua mabirika katika kiwanda kidogo cha mtaa wa Collingwood, Melbourne, alimjua mwenye kiwanda kwa kidole gumba kilichobapa kama kijiko na kwa sauti iliyokwaruzwa na mvuke wa tindikali. Kila chombo alichokimaliza, bwana huyo alikipindua, akakigonga chapa chini: Uingereza. Bila chapa hiyo, Melbourne nzima hakuna ambaye angenunua. "Vya hapa havidumu, bwana," mteja alimwambia siku moja, amekumbatia birika ambalo bado lilikuwa na joto la lehemu. "Havidumu hata kidogo, mama," akamjibu, wala hakutabasamu.

Bwana huyo alipofiwa na bintiye kwa homa, alikata mwenyewe kibao cha shaba cha jeneza, akachonga jina, Adela, polepole, ncha ya ulimi nje kama kawaida yake. Kisha akakipindua, na mkono ukagonga ile chapa kabla hajafikiri. Shaba ilikuwa nyembamba. Herufi zikatokeza upande wa mbele, kinyumenyume, chini ya jina.

"Nipe tupa nizifute, bwana," Keziah akasema. "Mtoto mwenyewe kazaliwa hapa hapa."

Bwana akapitisha kile kidole gumba juu ya herufi, akarudia, akarudia tena.

"Ndiyo maana hakudumu."