Hodi ya Consolatha

Consolatha hakuwahi kumwamini mtu anayecheka kabla ya kusema. Alizaliwa Kwihara, katika nyumba ya mkulima wa tumbaku, na mtoto wa tumbaku hujifunza mapema kutazama kidole cha mpimaji badala ya kutazama mizani. Baba yake alishafariki, shamba lilishageuzwa la karanga, lakini jicho lile halikumtoka. Wauza nyanya wa sokoni Tabora walimjua. Alikuwa akilichukua fungu, analigeuza chini juu, ananusa, kisha analirudisha na kwenda zake. "Mama huyu ana mashaka hata na kivuli chake," walisema, na hawakumsingizia.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kuwafanya watu wakiamini kisanduku cha plastiki chenye taa.

Alikuwa mfanyakazi wa Msafara, kampuni ndogo ya intaneti ya Mzee Humaidi. Katika duka lilelile lenye ofisi yake, ukoo wa Mzee Humaidi ulikuwa umeuza vitambaa enzi za wapagazi, baadaye baiskeli, baadaye simu. Mteja wa kijijini akilipia huduma alikabidhiwa ruta, ndicho kile kisanduku chenye taa, na pamoja nayo programu ya kuifungia: anaiweka kwenye simu yake, anafuata maelekezo, anamaliza mwenyewe bila kumngoja fundi. Programu ilitoka kiwandani ikiwa ya Kiingereza kitupu, imejaa maswali ambayo hata fundi Rashidi aliyajibu kwa kubahatisha. Lakini kiwanda kiliruhusu kila kampuni iivalishe programu hiyo nguo zake: rangi, jina, maneno, kurasa zipi zionekane na zipi zifichwe. Ushonaji huo ndio uliokuwa kazi ya Consolatha.

Na aliuweza, tusimnyime haki yake. Aliyafuta maswali yasiyo na maana, yaliyobaki akayaweka katika Kiswahili cha kueleweka. Kwa kuwa wateja wengi walikuwa wazee wasiopenda kukodolea macho kioo kidogo, akarekodi sauti yake mwenyewe ikiwaelekeza. "Chomeka waya mweupe. Ngoja taa iwe ya kijani. Usiwe na haraka, mimi nipo." Na mwanzo kabisa, kabla ya lolote, sauti hiyo ilisema, "Hodi!" Chini yake palikuwa na kitufe kimoja kikubwa kilichoandikwa Karibu. Ukikibonyeza, kazi inaanza. Yeye aliona ni adabu tu, maana huwezi kuingia nyumbani kwa mtu bila kubisha, hata kama unaingilia kwenye simu. Watu waliipenda mno. Kule Kaliua akina mama wakaanza kumwita Mama Hodi.

Kisha akaja Bader. Alikuwa mtoto wa dada yake Mzee Humaidi, kijana wa shati lililonyooka, aliyerudi kutoka Dar es Salaam na maneno ya huko. Alicheka kabla ya kusema.

"Dada Conso, kuna ukurasa umeuficha. Ule wenye kiboksi cha kuweka tiki. Weka tiki pale, ofisi iwe inaingia kwenye ruta ya mteja tukiwa hapahapa."

"Kuingia kufanya nini?"

"Kutengeneza. Ruta ikisumbua Kaliua, hakuna haja ya kumpandisha Rashidi treni."

"Na mkiingia mnaona nini?"

"Mipangilio tu."

"Mipangilio tu, Bader?"

"Na vifaa vilivyounganishwa, basi. Dada, nani ana muda wa kumchungulia bibi wa Kwihara?"

Kwa Consolatha hilo halikuwa jibu. Asiye na nia ya kuchungulia hataji kuchungulia, maana halimjii akilini. Alisema sawa, akarudi mezani kwake, akakiacha kiboksi kitupu na kuufunga ukurasa. Programu ikabaki hivyo kwa wateja wote. Hakumwambia mtu, na kwa wiki kadhaa alijiona mjanja.

Mvua zilipopamba moto, radi ikaupiga mtambo mkuu wa kampuni. Ukawekwa mwingine, na kila ruta ikatakiwa ielekezwe upya kwenye mtambo mpya. Kwa mlango alioutaka Bader, ule wa kiboksi, ingekuwa kazi ya asubuhi moja pale ofisini. Bila mlango, Consolatha na Rashidi walipanda treni ya Kigoma na begi la waya, wakashuka stesheni kwa stesheni, wakazunguka nyumba kwa nyumba kwenye matope. Rashidi hakulalamika. Alikuwa akimtazama tu, na kutazamwa huko kulimuuma kuliko kulalamikiwa.

Kaliua walimkuta Mzee Ambrosi, mfuga nyuki aliyekuwa akipokea oda za asali kupitia intaneti ile. Madumu ya asali yalikuwa yamepangwa ukutani, na wateja wake walishahamia kwa mwingine. Aliwapa viti, aliwapa maji ya kunywa, akangoja mpaka ruta ikawaka. Kisha akasema taratibu, "Mama Hodi, kila nikiiwasha hiyo programu unaniambia upo. Hukuwepo."

Consolatha akafunga begi la waya. Ndani ya treni ya kurudi alikiri moyoni kwamba Bader alikuwa na hoja, na hilo halikumfanya ampende hata chembe.

Mzee Humaidi alishajua kwamba kiboksi kiliachwa kitupu. Hakupaza sauti, maana hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Binti yangu," alisema, "umenidhalilisha mbele ya watu walioniamini mimi na baba yangu. Uurudishe ule mlango. Na likitokea tena jambo kama hili, utatafuta kazi kwingine. Wallahi nitasikitika kama nimefiwa, lakini utaondoka."

"Nitaurudisha, mzee. Ila naomba tuwaulize wenyewe kwanza. Nyumba ni zao."

"Waulizwe," Bader akadakia, haraka mno. "Tena wazo zuri. Nitaiandika mimi hiyo sehemu, wewe utie sauti."

Dalili ya mvua ni mawingu, na Consolatha aliyaona. Alijiuliza kwa nini mtu aliyetaka kuingia bila kuuliza juzi, leo anashangilia kuuliza. Lakini sura ya Mzee Ambrosi ilikuwa bado machoni mwake, na kazi yake ilikuwa inaning'inia kwenye uzi. Bader alipomletea karatasi, aliisoma kwenye kipaza sauti bila kubishana.

"Hodi! Ni mimi. Naomba ofisi iwe inaingia kwako kukusaidia."

Chini palikuwa na kitufe kilekile kikubwa cha Karibu. Chini zaidi, kwa herufi za kijivu ambazo mzee mwenye miwani asingeziona, yaliandikwa maneno Si sasa.

"Mbona si Ndiyo na Hapana?" aliuliza.

"Ndiyo na Hapana ni maneno ya polisi, dada. Watu wataogopa. Sisi tuwaulize kiungwana."

Toleo jipya likasambazwa. Siku zilizofuata Bader alishinda mbele ya kompyuta, na Ijumaa mchana, mzee alipokuwa amekwenda msikitini, akamwita Consolatha aje ajionee. Kwenye ramani, kuanzia viunga vya Tabora mpaka Kaliua, alama za ruta zilikuwa zimegeuka kijani. Watu walikuwa wamekaribisha.

"Umeona?" Bader alicheka. "Nani katika nchi hii atasikia hodi akakaa kimya? Hata adui yako ukimbishia atasema karibu kwanza, ndipo akuchukie. Wale wa kiwandani hawalijui hili. Mimi nililijua."

Ile adabu aliyoitia Consolatha kwa mapenzi mema, kijana huyu alikuwa ameigeuza kuwa ndoano. Hao watu hawakuwa wamekubali kitu. Walikuwa wamemjibu mgeni, kama walivyofunzwa tangu utotoni, kabla hawajajua amekuja na nini.

Bader hakuwa akimtazama. Alikuwa amebonyeza alama moja ya Kaliua, na orodha ya simu na vifaa ikafunguka, na kando yake saa za kuwaka na kuzimika. "Huyu mzee wako wa asali haachi simu," alisema kwa furaha. "Anaamka kabla ya jogoo. Na kuna simu nyingine inaingiaga humo jioni jioni, mkewe akiwa amezima yake. Mambo hayo!"

"Ruta yake ina tatizo?"

"Hapana. Najaribu tu."

Ndipo alipoiona alama moja iliyobaki ya kijivu. Ilikuwa Kwihara. Bader akasoma jina na kupiga paja. "Josepha! Si mama yako huyu? Hata yeye hakuamini? Nenda kamwambie abonyeze, tumalize."

"Naenda," alisema Consolatha, akachukua mkoba wake.

Alipanda bodaboda. Njia nzima alikuwa akitafuta maneno. Ruta ile alimpelekea mama yake mwenyewe, ili awe anaonana kwa video na dada wa Consolatha aliyeolewa Mpanda, na mama huyo hakuwa mgumu wa kujifunza. Labda simu iliisha chaji. Labda alisahau. Alitamani iwe amesahau, na papo hapo alitamani isiwe hivyo.

Alimkuta uani, ameketi mkekani, anakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Walisalimiana kwa Kinyamwezi, salamu ndefu ya nyumba, mashamba, majirani na magoti ya mama. Akapewa kisu, akakata viazi kidogo, ndipo akasema.

"Mama, kwenye simu yako kuna hodi hujaijibu."

"Niliisikia."

"Mbona hukubonyeza?"

Josepha aliweka kiazi chini. "Nilikuwa hapahapa. Nikasikia sauti yako, hodi, ni mimi. Nikafurahi, nikanyanyuka mpaka mlangoni. Hakuna mtu. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Hakuna mtu. Nikarudi, simu ikaita tena hodi, ikiwa hapo kwenye mkeka. Mwanangu, sauti ikiita na mwenyewe haonekani, haiitikiwi. Nilikukataza hilo kabla hujaota meno ya ukubwani. Au huko mjini mnaitikia?"

"Lakini ile ilikuwa sauti yangu, mama."

"Ndiyo maana niliogopa."

Consolatha alikaa na kisu mkononi. Machozi yalimjia, akayaficha kwa kujifanya anafukuza inzi. Maisha yake yote alikuwa amekazia macho vidole vya wengine, na mkono uliokuwa ukibisha kwenye nyumba hizo zote ulikuwa wake.

Alinyanyuka, akampigia Mzee Humaidi. Simu ilikuwa imeachwa ofisini, na aliyepokea alikuwa Bader.

"Mzee hajarudi. Amebonyeza?"

"Hatabonyeza. Na hizo karibu zote uzifute. Tuwaulize upya, kwa Ndiyo na Hapana, na waambiwe mkiingia mnaona nini."

"Haiwezekani, dada. Watu wamekaribisha wenyewe."

"Basi itoe sauti yangu humo."

Safari hii Bader hakucheka kabla ya kusema. "Sauti ni ya kampuni. Tunayo ya kutosha, maneno yote umeshasoma. Hata usiporudi, itaendelea kubisha."

Simu ikakatika. Mama yake hakuelewa yote, lakini alielewa uso. Akamsogezea kigoda bila kuuliza. Consolatha hakuketi. Angemngoja mzee atoke msikitini, angemweleza yote, na huenda angesikilizwa, na huenda damu ingekuwa nzito kuliko maji. Hakuwa tayari kungoja hilo. Alitafuta namba ya Kaliua.

"Mzee Ambrosi, shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni Consolatha wa Msafara. Mama Hodi. Mzee, ile karibu uliyobonyeza juzi kwenye programu, naomba uiondoe. Nitakuelekeza."

Upande wa pili walisikika kuku, kisha mlango ukifungwa.

"Mama Hodi ndiye aliyeniambia nibonyeze," alisema Mzee Ambrosi.

"Ndiye mimi."

"Yule alisema nibonyeze. Wewe unasema niondoe. Sauti ni hiyohiyo moja." Alikohoa. "Ule wakati wa mvua uliniambia upo, hukuwepo. Sasa leo nitajuaje kama ndiye wewe?"

Lilikuwa swali ambalo yeye mwenyewe angeliuliza, na angelipuuza jibu lolote ambalo angepewa. Angemtajia yale madumu ya asali ukutani, lakini nani asiyejua kwamba mfuga nyuki ana madumu? Angemtajia maneno aliyomwambia siku ile, lakini Rashidi aliyasikia, na ofisini yalishasimuliwa. Kila alichokishika kilikuwa kitu ambacho tapeli naye angeweza kukishika.

"Huwezi kujua," alisema mwishowe. "Usiniamini, mzee. Chomoa waya wa ruta, uiache imezimwa mpaka unione kwa macho yako. Nakuja Kaliua."

"Na oda zangu za asali? Ndiyo kwanza zimeanza kurudi."

"Najua, mzee."

"Unajua," alisema Mzee Ambrosi, akakata simu. Consolatha akabaki amesimama uani kwa mama yake na simu sikioni, bila njia ya kujua kama waya umechomolewa.